Ombi la Kurudia Harusi kwa Mkanda Mkubwa

Kwako Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Sisi wazima, isipokuwa deki yetu ya video, iliyokata roho wiki jana. Ilikuwa ya mikanda midogo. Mume wangu aliichagua mwenyewe enzi zile deki ziko za aina mbili, akaapa kwamba ile ya mikanda mikubwa haitafika mbali. Tulipokwenda kununua nyingine, muuzaji akatutazama kama watu walioamka usingizini: "Mama, vita imekwisha. Midogo imeshindwa." Basi tukachukua ya mikanda mikubwa. Na harusi ya binti yetu, uliyoifungisha wewe, imo kwenye mkanda mdogo.

Kwa unyenyekevu naomba harusi irudiwe, kwa sababu hizi:

1. Mkanda unapwaya ndani ya deki mpya kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

2. Binti anasema baba yake hakumlilia siku ile, ndiyo maana haji kutusalimia. Mimi nilikaa ubavuni mwa mume wangu, nikamwona analia pale kwenye kiapo. Mwenyewe anakana, eti vumbi. Shahidi amebaki mkanda.

3. Ndoa ya pili hatuombi, Maandiko nayajua. Tunaomba nakala tu. Wageni wavae nguo zilezile. Shangazi mtu aliyezirai azirai tena, ila safari hii aangukie upande wa kamera.

4. Bwana harusi amenenepa, suti haimwingii. Naomba umtangazie mfungo.

5. Mjukuu abaki nje ya kanisa, asije akaonekana kwenye harusi ya wazazi wake.

Nisalimie mama mchungaji, wanakwaya wote, na yule mzee wa kanisa aliyesinzia wakati wa mahubiri. Naye asinzie vilevile.

Wako katika Bwana,
Mama wa Bibi Harusi

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, jirani yetu fundi saa katutolea deki yake kuukuu ya mikanda midogo. Tukamwita binti, tukaangalia sote. Pale kwenye kiapo baba mtu haonekani kabisa: nilipoinama kumtazama, kilemba changu kilimziba. Nikageuka nimwombe binti radhi, nikakuta hata hanisikilizi. Anamtazama baba yake aliyeketi nasi pale sebuleni, mzee machozi yanamdondoka mpaka kwenye shati, na safari hii vumbi hakulisingizia. Alisema tu kwamba mikanda midogo picha zake zilikuwa safi tangu zamani.

Harusi isirudiwe. Shangazi mtu nimeshamwambia apumzike.