Vichwa Ishirini vya Darasa la Vyuma

Jumatatu, 1 Septemba

Kikao cha asubuhi. Madam Syombua, mkuu wa chuo, amebandika chati mpya ofisini kwake. Mistari mitatu. Mwekundu ni gharama: unapanda kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Wa kijani ni mgao wa serikali: unashuka. Wa buluu ni wanafunzi: unaufuata wa kijani kama ndama anavyomfuata mamake. Walimu wote waliitazama. Mimi nikatazama nje dirishani. Mbuzi wa jirani alikuwa anakula maua ya chuo.

Mambo yenyewe ni haya. Chuo chetu cha ufundi hapa Kanyangi ni cha umma. Serikali hutuma pesa kwa kila kichwa cha mwanafunzi. Mgao ukipungua, tunaongeza karo. Karo ikipanda, vijana wanaenda kuendesha bodaboda. Wakienda, vichwa vinapungua, na mgao unapungua tena. Mimi ndiye msajili, kwa hivyo kila mtu hunitazama mimi. Kana kwamba nimewafukuza!

Habari mbaya zaidi. Jumanne ijayo afisa wa wizara anakuja kuhesabu darasa la kuchomelea vyuma. Wanafunzi wasipofika ishirini, mashine zinahamishwa. Wako wanane. Na zinahamishwa wapi? Mbooni, kwenye chuo cha Kilonzo! Kilonzo niliyesoma naye sekondari. Kilonzo ambaye ofisi yake ina feni.

Abubakar, mwalimu wa kuchomelea, alitoka kikaoni bila kumaliza chai. Mashine zikienda, kazi yake nayo imeenda. Ana watoto watatu kule Kitui mjini. Nilimwona akipangusa mashine moja kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayemwogesha mgonjwa.

Madam anapendekeza darasa la watu wazima, walipe karo kidogo kidogo. Wazo zuri, lakini la mwendo wa kinyonga. Mimi nina akili ya haraka.

Jumatano, 3 Septemba

Leo nimevamia ngome ya adui. Nimevuka mto Athi, nikaingia Makueni, nikapanda milima ya Mbooni kwa bodaboda mpaka masikio yakaziba. Baridi! Kule watu wanavaa sweta mchana.

Mpango: kumnyang'anya Kilonzo wanafunzi mlangoni kwake. Nilibandika matangazo kwenye kila kibanda na kila mti wa parachichi. CHUO CHA UFUNDI. KARO NAFUU. CHAKULA BURE. NJOO LEO. Mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe aliuliza ni chakula gani. Nikasema pilau. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Sisi hupika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na Ijumaa hupika muthokoi uliobaki.

Kwenye mteremko niliteleza, nikashuka sehemu kubwa ya njia kwa makalio. Watoto wa shule walinipigia makofi. Suruali imeharibika, lakini matangazo yameisha yote. Ushindi una bei yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Kilonzo amenipigia simu. Sauti tamu kama muwa. Anashukuru sana. Tangu jana ana foleni ya vijana langoni wanaouliza habari za pilau. Hakujua nani amemtangazia bure, hadi mama mmoja akamweleza: bwana mwembamba kutoka Kitui, suruali imechanika nyuma.

Sikuandika jina la chuo! Nimesoma tangazo tena, mara tatu. CHUO CHA UFUNDI, basi. Watu wa Mbooni wameenda kwenye chuo cha ufundi wanachokijua. Nani angewalaumu?

Kilonzo akaongeza kwamba ameanza kutayarisha nafasi ya mashine. Nikakata simu. Halafu nikajifanya kwamba mtandao ndio uliokatika, nikampigia tena kumwambia hivyo. Hakupokea.

Jioni nilibaki peke yangu na ile chati. Nikawaza: afisa akiingia, ataona nini kwanza? Chati. Nikaigeuza juu chini. Ajabu! Mstari mwekundu bado unapanda! Nikaigeuza tena. Bado unapanda! Sielewi. Hesabu haikuwahi kunipenda.

Basi nikafanya ujanja mwingine. Nimebadilisha vibandiko vya majina tu. Mstari unaopanda sasa unaitwa WANAFUNZI. Ule wa buluu unaoshuka unaitwa GHARAMA. Dakika moja, na chuo kimepona.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya uaminifu. Sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nikihesabu kwaya ya kina mama. Kumi na wanne! Ukijumlisha na wanane wetu, tunavuka ishirini na chenji inabaki.

Kiongozi wa kwaya ni Mwongeli, mke wangu. Baada ya ibada nilimweleza taratibu, nikiwa nimembebea mwavuli. Waje Jumanne, wavae ovaroli, waketi darasani asubuhi moja. Afisa ahesabu, aondoke. Soda juu yangu.

Mwongeli alichukua mwavuli wake. Akauliza kama ni uongo. Nikasema ni kuazimana tu, kama majirani wanavyoazimana viti wakati wa harusi. Akauliza kitatokea nini wasipokuja. Nikamweleza kuhusu Abubakar. Kisha akasema, "Tutakuja. Lakini tukikaa darasani tutafundishwa. Hatuji kupangwa kama magunia."

Nikakubali. Neno tu hilo. Nani atamfundisha mama wa miaka arobaini na minane kuchomelea?

Jumanne, 9 Septemba

Siku yenyewe. Kina mama walifika mapema kuliko walimu, ovaroli juu ya marinda, vitambaa kichwani. Nilifurahi hadi nikasahau jambo moja: kumwambia Abubakar.

Abubakar aliingia darasani, akawakuta wamejaa hadi mlangoni. Akasimama. Macho yakamlowa. Alidhani ni wanafunzi wa kweli! Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia Mungu anilipe. Nilitaka kumweleza. Nikasema amina.

Saa nne, simu kutoka kwa afisa. Gari limeharibika njiani. Atakuja Alhamisi. Alhamisi!

Nilikimbia darasani kuwaambia kina mama waende nyumbani. Nimechelewa. Abubakar alikuwa ameshawafundisha kuvaa kinyago, kushika rodi na kusimama vizuri. Mwongeli alikuwa mbele, ameinama juu ya vipande viwili vya chuma. Cheche zikaruka. Niliruka na mimi, nyuma ya mlango. Alipomaliza, Abubakar alipiga kile chuma kwa nyundo. Hakikuachana.

Mwongeli akainua kinyago. Uso jasho tupu, masizi puani. Akacheka. Nimeishi na mwanamke huyu tangu tukiwa vijana, na kicheko kile nilikuwa nimekisahau. Akawageukia wenzake: "Mmeona? Kimeshika! Kimeshika kabisa!"

Nilitoka nje. Vumbi lilikuwa limeingia machoni.

Jumatano, 10 Septemba

Wamerudi! Hakuna aliyewaita. Wamerudi na vitu: lango lililovunjika, mguu wa kitanda, toroli, stendi ya tangi la maji, jiko la kuni la kanisa. Uani kulionekana kama mnadani. Vijana wetu wanane, ambao kwa kawaida hufika saa tano, walikuwepo saa mbili. Hawawezi kushindwa na kina mama wa kwaya.

Madam Syombua akatokea ofisini. Akauliza hawa ni nani. Nikaanza kukohoa. Mwongeli akavua glavu na kumweleza kila kitu, kuanzia mwavuli mpaka soda. Bila kupunguza! Hata ile soda akasema bado hawajaiona.

Abubakar alisikia. Alinitazama tu. Kisha akarudi kwa wanafunzi wake.

Niliitwa ofisini. Nilikwenda nikiwaza jinsi nitakavyoishi kwa kuuza ndengu. Madam hakupiga kelele. Alisema amekuwa akiiomba bodi darasa la watu wazima kwa miaka miwili, na bodi imekuwa ikimjibu kwamba watu wazima hawatakuja. Akanyoosha kidole dirishani. "Bwana Mutunga, hao ni nini?"

Nikasema ni watu wazima, Madam.

Akaamuru niwasajili kweli, wote wanaotaka, walipe kidogo kidogo kila siku ya soko. Wanaotaka! Nilidhani hawatazidi watano. Wametaka kumi na watatu. Wa kumi na nne alisema macho hayamruhusu, lakini atamleta mkwe wake. Nimeandika hadi mkono umekufa ganzi. Mwongeli alipofika mezani kwangu nilimwambia yeye si lazima alipe, mume wake ni msajili. Akaweka pesa mezani na kudai risiti.

Jioni nilimfuata Abubakar kwenye karakana. Nikamwambia pole, ndugu yangu. Akasema, "Jumanne ulinipa furaha ya uongo, Mutunga. Lakini leo nimefundisha hadi sauti ikakauka. Shika ufagio." Tukafagia pamoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Afisa amefika. Bi Nzisa, mama mtulivu mwenye miwani, viatu vya kutembea. Nilikuwa nimetulia. Vichwa vipo, tena vya kweli. Nilisahau chati!

Bi Nzisa alisimama mbele ya chati ofisini kwa Madam na kusoma kwa sauti. Wanafunzi wanapanda. Gharama zinashuka. Akasema hajaona jambo kama hilo katika kaunti nzima. Nilitabasamu. Kisha akaongeza kwamba chuo chenye gharama zinazoshuka hivi hakihitaji msaada, kwa hivyo atapendekeza mgao wetu upelekwe kwenye vyuo vyenye shida.

Nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Madam aliisogelea chati. Akaitazama. Akanitazama. Akabandua vibandiko kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake, bila haraka, kama anayemvua mtoto kofia. Akasema, "Samahani, Bi Nzisa. Ukweli ndio huu." Akaeleza yote: mgao unavyopungua, karo inavyowafukuza vijana, na jinsi darasa lilivyojaa wiki hii kwa njia ambayo hangeichagua. Hakutaja jina langu. Hakuwa na haja. Nilikuwa mwekundu kuliko ule mstari.

Bi Nzisa akaomba kuliona darasa. Akasimama karibu na Mwongeli, ambaye alikuwa anaunga mguu wa stendi ya tangi, akamuuliza kama yeye ni mwanafunzi wa kweli.

Mwongeli akazima mashine. "Juzi nilikuwa wa kuazimwa," akasema. "Jana nililipa. Leo ni wangu mwenyewe. Ukihamisha hizi mashine, utanihamisha na mimi, na nina ng'ombe wa kukamua."

Darasa zima likacheka. Bi Nzisa naye akacheka, kisha akauliza maswali mazito. Wanalipaje? Wangependa kuja siku zipi? Vijana wanaoacha chuo wangerudi kama karo ingelipwa hivyo hivyo? Wale vijana wanane wakajibu kwa pamoja. Mmoja akasema nduguye anayeendesha bodaboda angekuja kesho. Bi Nzisa alimsikiliza mpaka mwisho.

Uamuzi: mashine zinabaki mwaka mzima. Mgao hautaongezeka, hilo hana uwezo nalo, na hawa wa karo ya kidogo kidogo hawahesabiwi katika mgao bado. Lakini ataandika kwamba wahesabiwe. Alisema ameona vyuo vingi vinavyosubiri pesa ili vipate wanafunzi. Chetu kimepata wanafunzi kwanza.

Abubakar hakutoka darasani hata kumsindikiza. Alikuwa anafundisha.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku ya soko. Habari zimeenea hadi Matinyani. Asubuhi nimesajili watu wa bodaboda wawili, fundi baiskeli, na yule mkwe. Kilonzo amepiga simu akiuliza, kwa unyenyekevu, tunafanyaje ile karo ya kidogo kidogo. Madam amemwalika aje aone. Ningemtoza kiingilio, lakini sikuulizwa.

Nimekaa kutafakari wiki hii, kama mtu mzima. Nimeona wazi kosa liko wapi. Si ujanja. Ujanja ulikuwa mzuri sana! Kosa lilikuwa udogo wake. Mimi huwaza mambo madogo: matangazo, vibandiko, kwaya moja.

Vijana wa siku hizi wanataka nini? Chuo kikuu. Kila mzazi anataka kusema mtoto wake yuko chuo kikuu. Sasa kuna ugumu gani? Ni neno moja tu! Nimechora bango kubwa la chuma la kusimamisha barabarani: CHUO KIKUU CHA TEKNOLOJIA CHA KANYANGI. Safari hii nimekumbuka jina.

Nimempelekea Mwongeli kazi hiyo, mazoezi mazuri kwa mwanafunzi. Akasoma maneno. Akauliza kama Madam anajua. Nikamwambia ataona likishasimama. Akauliza kama wizara inajua. Nikamwambia wizara iko mbali.

Amevaa kinyago chake bila kunijibu. Nadhani amekubali.

Jumatatu nitatafuta mtu wa kunishonea joho.