Salamu Moja, Mafaili Matatu

Jumatatu, 17 Machi

...na si hilo tu. Jana niliishia katikati ya sentensi kwa sababu Kipenzi aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, nikasahau kalamu ilipo. Wiki ya tano ya ndoa! Hata sasa nikisikia kiatu chake mlangoni moyo unaruka kama kifuniko cha sufuria. Seremala kama yeye hajazaliwa. Meza hii ninayoandikia ni kazi ya mikono yake. Inayumba, lakini inayumba kwa mapenzi.

Nilikuwa nasema: Daktari wa meno amekubali! Kuanzia kesho kompyuta ya mapokezi itawakumbusha wagonjwa yenyewe, kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata bila kununa. Ndani ya ujumbe nimeacha mapengo mawili, salamu na agizo. Mapengo hayo huitwa vigeu. Maneno ya kuyajaza nimeyahifadhi kwenye faili, na skripti huyapakia kutoka humo. Nilijifunza haya yote kwa wiki nne. Cheti kipo ukutani.

Mambo yakienda vizuri wiki hii, Daktari atanipa ruhusa ya siku tatu. Siku tatu! Mama mkwe hajaniona tangu harusi. Ametuma neno kwamba mwezi ukiisha bila mimi kukanyaga kwake, ataamini anayoambiwa, kwamba najiona. Mimi! Najiona!

Muuguzi wetu ameandika miadi kwenye daftari kubwa kwa miaka kumi na mmoja, akipiga simu moja moja. Mimi namwita Dada Daftari. Leo kauliza mbele ya watu kama hivyo ni vigeu au vigeugeu. Foleni nzima ikacheka, hata aliyevimba shavu. Nimemhesabia.

Jumanne, 18 Machi

Skripti imekwenda kama maji mtelemkoni! "Ndugu mgonjwa. Fika saa tatu asubuhi kabla ya kula. Kliniki ya Meno." Waliotumiwa tisa, waliofika tisa. Dada Daftari hakupongeza. Alisema tu kwamba kalamu haijawahi kuzimika.

Kisha nikawaza. Mbona watu baki wanapata ujumbe wangu kila asubuhi na Kipenzi hapati? Nikaandika faili la pili. Salamu: "Asali wa moyo wangu." Agizo: "Njoo saa kumi na moja, usichelewe, nitalia." Skripti itapakia la wagonjwa, halafu la Kipenzi, kisha itume ujumbe wote.

Dada Daftari alikuwa akichungulia begani kwangu. Akauliza mbona kila faili lina salamu na agizo, majina yale yale; ukiwaita pacha wote jina moja, ataitika nani? Nikamjibu kwamba hii ni kompyuta, si wodi ya wazazi. Wivu tu.

Jumatano, 19 Machi

Fedheha! Faili la pili likipakiwa, salamu yake inaifuta salamu ya kwanza. Nani alijua? Labda lilifundishwa siku ile niliyokwenda kupimwa gauni.

Wagonjwa wote wanane wamepokea: "Asali wa moyo wangu. Njoo saa kumi na moja, usichelewe, nitalia. Kliniki ya Meno."

Asubuhi hakuja mtu. Daktari alikaa na barakoa usoni akitazama kiti kitupu. Saa kumi na moja wakaja wote kwa mpigo. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyefiwa na mkewe, alikuja amejipaka marashi, akataka kujua ni nani hasa atakayelia. Mama mmoja hakuwa mgonjwa kabisa. Aliingia ameshika simu ya mumewe kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akaamuru atolewe hiyo kliniki inayomwita mume wa mtu asali. Dada Daftari akaninyooshea kidole. Upesi mno!

Ingekuwa mimi ningefurahi kuitwa asali na kliniki. Watu hawana shukrani.

Nimesharekebisha. Nimegeuza mpangilio: la Kipenzi kwanza, la wagonjwa mwisho. Rahisi. Dada Daftari alisema badilisha majina, moja liitwe salamu ya mgonjwa na jingine salamu ya mume. Eti ananifundisha!

Alhamisi, 20 Machi

Wagonjwa wote wamefika saa tatu, matumbo matupu. Nilikuwa karibu kuimba.

Ila na Kipenzi naye alifika. Ujumbe wake ulisema: "Ndugu mgonjwa. Fika saa tatu asubuhi kabla ya kula." Mtiifu wangu aliacha chai mezani, akaja, akakaa foleni. Hakuuliza. Alidhani nimemsikia usingizini akisaga meno na nimeona haya kumwambia. Mimi nilikuwa stoo nikibishana na Dada Daftari kuhusu pacha. Niliporudi alikuwa ameshang'olewa gego! Nikamuuliza Daktari kwa ukali kama hakumtambua mume wangu, aliyecheza naye harusini. Akasema yeye hutazama meno, hatazami sura.

Lakini sikilizeni! Gego lilikuwa limeoza hadi shina. Skripti yangu imeligundua kabla ya Daktari. Nani amesema hilo? Hakuna.

Nyumbani Kipenzi, shavu kama andazi, alinong'ona kwamba karakanani kila droo ina ufunguo wake. Naye! Nikambusu shavu la pili.

Ijumaa, 21 Machi

NIMESHINDA! Daktari ameniita ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya upole sana niende kwa mama mkwe. Si siku tatu, kumi! Dada Daftari alikuwa akilipangusa vumbi lile daftari lake. Maskini, kila mtu na kichezeo chake.

Daktari aliniomba niizime kompyuta ipumzike. Nimezima kioo tu. Kabla ya hapo nikaandika faili la tatu, la mama mkwe, ili apate habari kwa heshima. Salamu: "Shikamoo mama." Agizo: "Tutakuja kukuona kabla ya mwezi kwisha." Nimelipanga mwisho kabisa, mkubwa hatangulizwi kama mtoto.

Jumamosi, 22 Machi

Kumbe watu wanaweza kuwa waungwana! Majibu kumi na mawili yameingia simuni mwangu tangu asubuhi, yote kutoka simu za wagonjwa, wakiwemo wale wa Jumatano waliopangiwa siku upya. Mwalimu mkuu mstaafu: marahaba, ingawa yeye ni baba. Yule mama mwenye simu ya mumewe: karibuni, ila huyo anayelia abaki kwake. Mwingine ameeleza njia hadi kwake na kuonya kuhusu mbwa.

Mama mkwe ndiye pekee aliyenuna. Anauliza kwa nini anatembelewa na kliniki. Daktari naye amepiga simu mara sita, na mimi niko likizo! Kipenzi anasema nipokee. Sipokei.

Ahadi ni deni, nasi hatukulelewa kuvunja ahadi. Kipenzi ameshika kichwa, lakini nguo zimeshapangwa. Jumatatu kwa mama mkwe, Jumatano kwa mwalimu mkuu, Alhamisi kwenye mbwa. Hao wengine nimewaandikia faili la nne kwa simu yangu, niliyoiunganisha na kompyuta ya mapokezi, lenye salamu na agizo, wasiwe na shaka: tutakuja, kwa kila mmoja, kabla ya mwezi kwisha.