Habari za Orest Wasylenko na Kukombolewa kwa Farasi Zirka

Njooni, enyi mlioketi na ninyi mlio njiani kuketi. Sogezeni viti, zimeni redio, na mwenye kikombe akitue mezani, maana sisimulii vita vya wafalme wala kutekwa kwa miji yenye ngome. Nasimulia jambo zito kuliko hayo. Nasimulia jinsi Orest Wasylenko wa Yorkton, fundi wa matanuri ya kupashia nyumba joto, aliyeteremka vyumba vya chini ambako buibui walimwamkia kwa jina, alivyompoteza farasi asiye na nyama wala mifupa, na jinsi alivyomkomboa kwa akili, kwa subira na kwa samadi.

Farasi huyo aliitwa Zirka, yaani nyota kwa lugha ya mababu zao waliokuja Saskatchewan na mbegu za ngano mifukoni. Alikuwa jike jekundu mwenye doa jeupe usoni, naye aliishi ndani ya kishikwambi cha Darka, mke wa Orest, katika mchezo wa mtandaoni ambamo watu hufuga farasi, huwazalisha, huwashindanisha na kuwauza kwa sarafu zisizonunua hata mkate. Msicheke. Darka alilelewa shambani, na alipokuwa na miaka kumi alikuwa na farasi wa kweli, mwekundu, mwenye doa usoni. Mwaka ule mavuno yaliharibika, baba yake akamuuza farasi yule wakati binti yuko shuleni, wala hakumwambia neno; mtoto alirudi akakuta zizi tupu. Darka sasa ni bibi mwenye magoti mabovu, hapandi kitu kirefu kuliko kochi. Lakini alipomzalisha yule jike mtandaoni, baada ya miaka minne ya kuchanganya damu, na kumwona katoka na lile doa, alilia mbele ya kishikwambi, na Orest alimwona.

Basi ikawa mwezi wa Februari, theluji imefika madirishani, dada yake Darka huko Winnipeg akabadilishwa goti hospitalini, na Darka akafunga mkoba kwenda kumuuguza. Akasimama mlangoni akamkabidhi mumewe kishikwambi kama amiri anayekabidhi upanga.

"Sikiliza, mzee. Asubuhi unawalisha, jioni unawalisha. Basi. Usitie mkono kwingine humo."

"Mke wangu," akanena Orest huku amepiga kifua, "mimi nimelisha matanuri miaka arobaini. Farasi wa kuchorwa watanishinda?"

"Tanuri halifi njaa, Orest."

"Kwa heshima ya baba yangu Wasyl, na kwa masharubu yake, naapa: utawakuta wote, na manyoya yao yakimeta!"

"Acha kuapa, vaa miwani," akasema Darka, akaenda zake.

Laiti angevaa! Hazikupita siku nyingi, shujaa wetu aliketi jikoni asubuhi, mkate wa siagi mkono mmoja, kishikwambi mkono wa pili, miwani iko chooni. Katika mchezo ule kitufe cha kulisha ni cha kijani, na kitufe cha kupeleka mnadani ni cha kijani vilevile, na aliyevipaka rangi Mungu amlipe anachostahili. Kidole gumba cha Orest, kilichozoea spana, kikashuka kama nyundo. Kishikwambi kikamuuliza kama ana hakika. Yeye akadhani kinamuuliza kuhusu shayiri, akajibu ana hakika. Hata hajatafuna tonge, maandishi yakatokea: Zirka ameuzwa kwa sarafu mia tano, mnunuzi ni Opal wa Tulsa, Oklahoma.

Mkate ukamwanguka. Ukaangukia upande wa siagi.

Akakimbilia miwani, akarudi, akaandika kwa kidole kimoja: "Bibi, kumetokea makosa. Nirudishie farasi huyo. Ni wa mke wangu."

Jibu likaja upesi, maana Opal Tidwell, mjane wa miaka themanini na mitatu, hakuwa na kazi nyingine tena iliyompendeza. "Mwanangu, mnadani hakuna makosa. Kuna waliochelewa tu."

"Nitakulipa dola za kweli!"

"Dola zako weka. Wenye mchezo wakiona dola wananifungia zizi. Huyu jike ana damu nzuri sana, nitampeleka kwa dume langu bora. Ukimtaka, ni sarafu elfu thelathini."

"Elfu thelathini! Bibi, umemnunua kwa mia tano!"

"Na wewe uliyemuuza kwa mia tano ndiye unayepiga kelele. Ungekuwa kimya ningesema ishirini."

Ndugu zangu, hapo ndipo mtu hujulikana. Wengine wangekimbilia hazina ya Darka, waguse akiba yake, waongeze dhambi juu ya dhambi. Orest hakuigusa. Alifungua zizi lake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, akapewa zile sarafu elfu moja anazopewa kila mgeni, na kwa ushujaa usio na kifani akazitumia karibu zote kununua dume jeupe lenye shingo ya upinde na singa ndefu kama shela. Akampa jina Radi. Akamwingiza mbioni siku hiyohiyo. Radi akafika wa mwisho, tena wenzake walipokuwa wamekwisha kupewa zawadi.

Akamwandikia Opal kulalamika, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumlalamikia.

"Hebu nimwone," Opal akaandika, akamfungua Radi na kumkagua, kisha: "Mwanangu, umenunua babu. Huyu ana miaka ishirini na sita. Umetazama singa, hukutazama umri."

"Nimekwisha," akaandika Orest.

"Hujaisha, wewe ni mjinga tu, na ujinga una dawa. Huyo mzee wako anakula?"

"Anakula kupita farasi wote."

"Basi anakunya. Fagia zizi kila siku, kusanya samadi, peleka sokoni. Wanaolima shayiri kwenye mchezo wanaitafuta kama dhahabu. Wageni wote wanaitupa, kwa sababu wamekuja kuwa mabingwa, hawakuja kufagia."

Naye Orest akafagia! Lo, yule mwanamume aliyewahi kufukuza panya kwenye bomba la moshi kwa mikono mitupu, sasa alisukuma kidole chake juu ya kioo asubuhi na adhuhuri, akirundika vilima vya samadi isiyonuka, akiviuza kwa sarafu chache chache. Alikwenda pia kufanya vibarua kwenye mazizi ya watu, akapiga brashi farasi wa wageni, akabadilisha maji, akapokea ujira mdogo bila kuona haya. Radi hakuwa na mbio, lakini kwa tumbo lake lile alikuwa ghala la rutuba.

Habari zikafika mkahawa wa uwanja wa magongo ya barafuni, ambapo wazee wa Yorkton hunywa kahawa kila asubuhi na kuamua mambo ya dunia. Lorne Pidhirny, rafiki yake tangu utotoni na mtu asiyejua kunong'ona, akamwona anafagia chini ya meza.

"Orest! Unafanya nini humo?"

"Nauza samadi."

"Samadi ya nani?"

"Ya farasi wangu."

"Huna farasi!"

"Ndiyo maana haichafui viatu."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Lorne akapiga meza. "Jamani, nimeishi kuona mengi! Watu wanauza mavi, sawa. Huyu anauza mavi ambayo hayapo!"

Orest akasimama, akavuta suruali juu kama wanaume wa zamani walivyovuta panga. "Cheka, Lorne, mwana wa Pidhirny, wewe uliyemwaga pesa kwa trekta lisilowaka! Mimi nina mke, na mke wangu ana farasi, na farasi huyo yuko mateka Oklahoma. Nitafagia mpaka arudi. Siku atakaporudi, mtanipisha kwenye mlango huu!"

"Mlango uko wazi, fundi," Lorne akasema, akipangusa machozi. "Wewe toka tu, unanimwagia kahawa."

Fedha za samadi zilipofika kiasi, Opal akampa neno la pili. "Usinunue farasi. Nenda kwenye kituo cha farasi walioachwa. Kule wanatolewa bure. Chukua jike, usichukue dume. Dume unamkodi kwa siku moja. Jike ndiye kiwanda. Usitazame sura."

Hapo ndipo alipoingia Gunia katika historia ya dunia. Alikuwa jike wa rangi ya vumbi, sikio moja limelala, ameachwa na wenyewe watatu. Orest hakutazama sura; alitazama umri, akatazama mapafu, akamchukua. Akamfundisha kidogo kidogo, wala hakumpeleka kwenye mashindano ya mabingwa, bali kwenye mbio za daraja la chini, asubuhi ya siku ya kazi, wakati wenye farasi wazuri wako ofisini au barabarani na malori yao.

Ikaja siku ya vita. Farasi sita walijipanga. Borshi, ile supu nyekundu ya mababu, ilikuwa jikoni inachemka. Kengele ikalia, na vumbi la kuchorwa likafunika uwanja wa kuchorwa, kwato zikanguruma kutoka kwenye spika ndogo kama mvua ya mawe juu ya bati! Gunia alikuwa wa tano. "Twende, mama!" Orest akanguruma, akainuka. Akawa wa nne. "Wewe si wa kuachwa! Waonyeshe!" Akawa wa tatu, akawa wa pili, lile sikio limelala kama bendera siku isiyo na upepo, na kwenye mstari akatanguliza pua. Orest akarusha mikono juu, mwiko ukaruka, borshi ikapaka dari nyekundu. Na mtu mzima wa miaka sitini na minne akacheza hopaki, ngoma ya mababu ya kurukaruka, peke yake mbele ya jiko.

Kutoka siku hiyo mambo yakatembea. Gunia akashinda mbio ndogo ambazo wakubwa walizidharau. Orest akamkodia dume zuri la bei nafuu, akapata mtoto, akaambiwa na Opal asimuuze Jumatatu, siku ambayo kila mwenye shida anauza, angoje Jumamosi watu wako nyumbani na mikono inawasha. Akangoja. Mtoto akagombewa na watu wanne. Sarafu zikapanda.

Ndipo simu ikalia kutoka Winnipeg.

"Wanakula?" akauliza Darka.

"Wanakula, tena vizuri."

"Na Zirka?"

Orest akakigeuza kishikwambi kifudifudi. "Zirka ametulia."

"Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa? Haya, goti la dada Olha limepona, ananifukuza. Nakuja Ijumaa."

Jumatano hiyo hazina ya Orest ilikuwa na sarafu elfu ishirini na sita. Akazihesabu kama waliozingirwa wanavyohesabu mishale. Radi mzee hakuna aliyemtaka; kilichobaki cha kuuza kilikuwa Gunia peke yake, na mtu mmoja wa Ontario alikwisha kuahidi elfu nne. Kidole gumba kikasimama juu ya kitufe cha kijani, safari hii miwani iko puani. Akamtazama yule jike. Sikio limelala. Akashindwa. Akamwandikia Opal yote: yule farasi wa kwanza wa Darka, zizi tupu, binti wa miaka kumi, masharubu ya baba yake aliyoyaapia. Mwisho akaandika: "Nikimuuza Gunia nitatimiza. Niambie nimuuze, bibi, maana mkono wangu hautaki."

Huko Tulsa, Opal akayasoma yote mara mbili.

"Anayekulisha humuuzi," Opal akajibu hatimaye. "Hilo halina mjadala. Lakini wewe, mzee mzima, wiki zote hizi za baridi unafagia samadi nami nakutoza, hukuweza kunieleza tangu siku ya kwanza?"

"Niliona aibu."

"Wanaume! Marehemu wangu alikuwa hivyohivyo. Haya. Leta elfu ishirini na sita. Zirka ana mimba ya dume langu, anazaa Ijumaa asubuhi. Mtoto nawapa bure. Ila jina la mtoto nitalitoa mimi, na kwenye mchezo huu jina likiandikwa halifutwi."

"Jina gani?"

"Utaliona. Wapendeza ukiwa na hofu kidogo."

Akalipa. Zirka akavuka mpaka bila pasipoti, akalala katika zizi la Darka kama vile hakuondoka. Orest alipanda ngazi, akasugua dari.

Ijumaa Darka akafika. Hakuvua koti wala viatu. Aliketi kwenye kochi, theluji inamyeyukia, akafungua kishikwambi. Orest alisimama nyuma ya mlango wa jikoni ameshika taulo la vyombo.

Kidole cha Darka kikapita zizini, farasi kwa farasi.

"Orest," akaita. "Zirka amezaa. Mimi sikumpandisha."

"Mungu ni mkubwa," ikajibu sauti ya jikoni.

"Dume jekundu. Ana doa usoni." Akainua macho. "Nani amemwita mtoto huyu Msamehe Orest?"

Taulo likaanguka. Shujaa akatokea, kichwa wazi, akasimama katikati ya zulia akasema yote, toka siagi hata Tulsa, bila kujitetea, isipokuwa kidogo kuhusu rangi ya vitufe. Darka alimsikiliza bila kupepesa. Orest alipofika kwenye samadi, Darka aliziba mdomo asicheke. Alipofika kwa Lorne, akauma kidole. Alipomaliza, Darka akamtazama Zirka kwenye kishikwambi.

"Wewe ulikwenda kumtafuta," akasema.

"Ningekwenda kwa miguu, kama angekuwa na mahali."

"Njoo ukae hapa. Mpumbavu." Akampisha nafasi kwenye kochi. "Na huyo Gunia, nionyeshe. Mungu wangu. Sikio lake lina nini?"

"Usiseme neno juu ya sikio lake," akasema Orest.

Na majira ya kuchipua yalipofika, theluji ikiwa madimbwi, wale wawili wakamwingiza yule mwana-farasi katika mbio zake za kwanza, daraja la chini, Jumanne asubuhi. Opal alitazama kutoka Tulsa. Lorne Pidhirny alialikwa, akala perohe, yaani maandazi ya kuchemshwa yenye viazi ndani, akapiga kelele kuliko wote. Farasi walikuwa saba. Wanaoandika habari za dunia na waandike hivi, kwa wino usiofifia, wafundishwe watoto wa mashariki na magharibi: kwamba siku ile, mbele ya mashahidi watatu na sinia la perohe, Msamehe Orest alifika wa tatu.