Kuhusu Binti Anayelinyima Zege Maji

Kwa Mheshimiwa Meneja wa Maabara ya Vifaa vya Ujenzi,

Nakuandikia kwa unyenyekevu na uchungu, mimi mkandarasi wa wodi mpya ya wazazi, nikikuomba umhamishe fundi sanifu wako, yule binti mwenye daftari. Amekataa kutia saini slabu ya ghorofa ya kwanza, na ufunguzi ni Jumatatu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: anawahi kazini. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana alitukuta tunachanganya.

1. Vijana wangu waliongeza ndoo mbili za maji ili zege liteleze lenyewe, lisiwavunje migongo. Akazuia, eti maji yakizidi zege linakosa nguvu. Slabu ilipokauka, huyohuyo akadai tuimwagilie siku saba mfululizo. Mheshimiwa, maji ni adui au ni dawa? Achague moja.

2. Mchanga wetu aliutia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akanionyesha tope. Miaka thelathini kazini, sijaona mchanga unaogeshwa.

3. Anataka zege lishindiliwe kwa mashine mpaka hewa yote itoke. Hewa haina uzito. Imemkosea nini?

4. Mchemraba wa sampuli ya zege letu, ambao alisema ulowekwe majini, niliutunza mwenyewe ofisini. Siku ishirini na nane ulizuia mlango, hata upepo haukuutikisa. Ulipofika kwenu mkaubana kwenye mashine, ukapasuka kabla ya kufika nusu ya kiwango, kisha lawama nikabebeshwa mimi. Aliyeuvunja ni nani? Wajawazito hawana uzito wa tani, tena wanatoka wodini wepesi kuliko walivyoingia.

Kwa hiyo naomba uniletee mtu mzima mwenye busara, anayepima zege kwa kuligonga na kisigino, na saini nipate kabla ya Ijumaa.

Wasalimie wote hapo maabara, hata binti mwenyewe. Sina kinyongo naye.

Wako mtiifu katika ujenzi,
Mkandarasi

N.B. Nimepigiwa simu sasa hivi. Binti yangu wa mwisho atajifungua wiki ijayo, na kitanda alichoandikiwa kiko chini ya slabu ile. Nimewasihi wauguzi wamlaze wodi ya zamani, ile ya mabati. Wanasema itafungwa mpya ikifunguliwa. Tafadhali mwambie yule binti asitie saini.