Kinu cha Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi
Mama mkwe katangaza mezani: atakayemlimia pilipili ya kumtoa jasho atapewa kinu chake cha jiwe. Kile ninachokimezea mate tangu siku ya posa! Mpinzani ni mmoja tu, shemeji yangu, fundi cherehani, anayeishi chini yetu. Naye ana mipilipili kwenye ndoo. Nitamgaragaza.

Jumanne, 4 Machi
Muuza mbegu kanitobolea siri. Mpilipili ukishinda na kiu, matunda yanawaka. Ukinyweshwa sana, yanapooza. Loo! Kuanzia leo mipilipili yangu haionji tone. Ya shemeji iko chini ya roshani yangu, hivyo nitaimwagia maji kila alfajiri. Mke wangu kanikuta na kopo, kauliza nafanya nini. Nikasema nasukutua. Akaguna, akasema pilipili usiyoila yakuwashia nini.

Alhamisi, 13 Machi
Balaa! Shemeji kapanda ngazi akichekelea. Eti alikuwa anasahau kumwagilia, mipilipili ikawa inakufa, sasa imeinama kwa matunda. Anaita muujiza. Nikampongeza kwa meno ya mbele tu. Yangu imekauka kama kuni. Imebaki pilipili moja, ndogo, yenye kinyongo. Inatosha!

Jumapili, 23 Machi
Shemeji kaja na beseni zima. Mama mkwe akazitafuna kama karanga, uso mkavu. Akasema ni tamu, zinafaa kachumbari. Moyo wangu ukacheza ngoma!

Zamu yangu. Nikasimama, nikahutubia. Nikasema mkulima hodari huonja kwanza, nikang'ata kidogo. Kidogo hicho kikawa yote. Mama yangu wee! Hadi masikio yalitoa machozi. Nikazunguka meza, nikamaliza mtungi wa maji, nikanywa maziwa ya paka, naye paka bado anakunywa.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Jasho likamtiririka, akajifuta kwa upindo wa nguo. Shemeji akalalamika kwamba sikubakisha hata mbegu. Mama mkwe akamwambia ahadi ni deni, jasho limemtoka, kinu ni cha mkwe wake.

Nimekibeba mwenyewe hadi nyumbani, nikiimba. Furaha niliyo nayo haisemeki. Cha kutwanga sina, ila shemeji kanigawia pilipili zake, maskini, hajui kitu. Ndiyo faida ya mpango uliopangwa vizuri.

Sasa mama mkwe anataka nyanya, na zawadi ni kiti chake cha kuegemea. Shemeji ameshapanda. Kopo nimeshalijaza.