Nani Anakula Saa za Mama?

Jumatatu, 8 Juni

Nyumba hii ina mwizi. Naandika kwa penseli ili niweze kufuta nikilazimika.

Hali ni hii. Mama ni mkutubi wa chuo kikuu. Chuo kimempa ruhusa ya kuingia kwenye intaneti akiwa nyumbani, kwa laini yetu ya simu. Saa ishirini kwa mwezi. Zikiisha, basi, mpaka mwezi ujao. Mimi nimepewa nusu saa kila siku. Ninaandika hadithi ya mashindano ya jarida la vijana. Wanapokea kwa barua pepe tu, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Ni hadithi yangu ya kwanza ambayo sijaichana.

Jana nilipoingia, ukurasa wa chuo ulionyesha zimebaki saa kumi na nane. Nikatumia nusu saa yangu, nikazima skrini kama kawaida (sipendi mtu asome kazi yangu ikiwa mbichi), nikaenda kuosha vyombo. Leo nimekuta kumi na mbili na nusu.

Saa tano zimeliwa. Na Mama akirudi kutoka kazini hataki hata kuiona kompyuta.

Jumanne, 9 Juni

Zimebaki saba. Nimemwambia Mama. Akasema ni lazima atajulikana anayezila, na zikiisha nisimlilie kuhusu hadithi. Alinitazama mimi aliposema hivyo. Imeniuma.

Nimefikiri kwa utaratibu. Mama huchomoa nyaya zote kabla ya kulala kwa kuogopa radi. Kwa hiyo mwizi hafanyi kazi usiku wa manane. Anafanya jioni, sote tukiwa macho, sebuleni, mita mbili kutoka kwenye redio ya Bibi. Ana roho ngumu.

Wa kwanza kushukiwa: Kaka. Hucheza karata kwenye kompyuta na hunifanyia dhihaka kwa kuniita Profesa. Nilimuuliza kwa mbali, kwa hekima, jana jioni alikuwa wapi. Akasema mazoezini, Profesa, kawaulize timu nzima. Mashahidi ishirini na wawili. Mtu asiye na hatia hahitaji mashahidi wengi hivyo.

Nimetega. Baada ya kuzima skrini nimelaza unywele mmoja juu ya vitufe na kunyunyiza poda kidogo kitini. Sanduku la kompyuta liliendelea kunguruma taratibu. Nadhani huwa linapoa, kama injini.

Jumatano, 10 Juni

Unywele haukuguswa. Poda imeguswa. Bibi amekwenda kwa jirani na kurudi na makalio meupe, na watoto wa mtaa mzima walimsindikiza.

Alinihoji. Nikamhoji pia, kwa adabu. Alikaa kitini kwangu kufanya nini? Akasema kile ndicho kiti kilicho karibu na simu. Dada yake humpigia kila jioni, lakini tangu Jumapili kimya. Bibi mwenyewe hapigi, hupigiwa. Anasema mdogo ndiye anayepaswa kumtafuta mkubwa. Amehitimisha kwamba dada yake amenuna kwa sababu ya mapazia yake ambayo Bibi aliyasema vibaya. Akaniambia mjukuu wangu, ukiona mtu amenyamaza, ujue ana jambo.

Maneno mazito. Bibi amenyamaza sana kuhusu intaneti.

Husema hajui hata kushika kipanya. Huenda ni kweli. Huenda pia ndivyo angesema mtu anayejua.

Zimebaki saa moja na nusu. Aya ya mwisho ya hadithi bado inachechemea, siwezi kuituma hivyo. Nimechukua hatua. Nimebadilisha neno la siri la Mama. Sasa mwizi apige hodi mpaka achoke. Halafu nikazima skrini haraka, kabla Kaka hajapita.

Sikumwambia Mama. Siri ya watu wawili si siri.

Alhamisi, 11 Juni

Mama amejaribu kuingia akiwa kazini. Mara tatu. Mbele ya mkuu wake wa idara. Mara ya tatu mtambo wa chuo ukamfungia nje kabisa, na orodha yake ya vitabu vipya imo humo ndani.

Alipofika nyumbani hakuuliza nani. Aliuliza kwa nini.

Nikaeleza habari za mwizi. Kaka alicheka mpaka akatoka nje. Mama akasema kesho nitakwenda naye chuoni, nimweleze mtunza mitambo kwa mdomo wangu. Mimi, ambaye hata kununua chumvi huandika kwenye karatasi na kumpa mwenye duka.

Hadithi imo humohumo ndani pia, na kesho ndiyo Ijumaa.

Saa moja jioni simu ililia. Dada yake Bibi. Anadai amepiga wiki nzima na kila mara laini ina mtu. Bibi alipokata alisema huyo hajawahi kuwa mkweli tangu utotoni. Nakubaliana naye.

Ijumaa, 12 Juni

Mtunza mitambo ni mwembamba, ana kalamu mbili sikioni. Nilisimama nyuma ya Mama. Alitoa karatasi yenye kumbukumbu zetu. Kila siku: kuingia saa kumi alasiri, kutoka saa tatu na nusu usiku. Akasema ni safari moja tu kila siku, haikukatika hata mara moja. Jumatano zikaisha zote.

Akaniuliza nikimaliza huwa nafanya nini. Nikasema nazima. Unazima nini? Skrini.

Alimtazama Mama. Mama alitazama dari.

Ikafika saa tano kasorobo. Humo chuoni hawahesabu saa, kwa hiyo alinipa kiti na kuniambia nichape upya kutoka kwenye daftari langu la rasimu. Kurasa sita, kwa vidole viwili. Akaahirisha chai yake, akawa ananisomea mistari ili nisipoteze muda kutazama chini. Mtu mgeni kabisa, akisoma hadithi yangu kwa sauti. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwenye aya ya mwisho akasema hapa hapana haja ya sentensi hii. Kweli. Nikaifuta, ikaacha kuchechemea.

Imekwenda saa sita kasoro dakika nne. Mama alinishika bega.

Jumamosi, 13 Juni

Mama amepewa saa mbili za huruma, akaamua kunifundisha. Ameingia kwenye intaneti. Amezima skrini. Ameniambia niinue mkono wa simu polepole nisikilize.

Nikasikia. Mlio mkali, kama mafuta kwenye kikaango cha moto.

Akasema unasikia? Skrini imezimwa, lakini simu bado inaongea. Umeelewa sasa?

Nimeelewa. Skrini nyeusi, kitini hakuna mtu, Kaka yuko mazoezini, Bibi yuko bafuni. Na bado kuna mtu humo ndani anazungumza, haraka haraka, kwa lugha ya kuficha. Nimemshukuru Mama kwa kunisaidia kumnasa.

Mama amekwenda kulala. Ni saa nne asubuhi.

Mimi nimerudisha simu mahali pake bila kelele na kuacha kila kitu kama kilivyo, asije akajua kwamba tumemgundua.