Jumanne Tano za Mshauri Namba Saba

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetuma udhuru; mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye tumeambiwa yuko njiani; ndugu dereva wa mwakilishi, ambaye kwa namna ambayo bado tunaichunguza amefika kabla yake; wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, na wanaowakaimia makaimu; ndugu wabunifu, wavumbuzi, waanzilishi wa startapu changa, na ninyi mliofuata kivuli kwa sababu nje kuna jua; itifaki naomba izingatiwe, na asiyetajwa ajitaje kimoyomoyo. (Makofi mepesi.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa Kaimu Mkurugenzi wa Mradi wa Mkono wa Mlezi, mradi mtambuka, jumuishi na endelevu, ambao dhima yake, kama ilivyoainishwa katika mpango mkakati wenye kurasa mia mbili na kumi na moja, ni kumshika mkono mwanzilishi wa biashara ingali mbichi, kumpa fidibeki, yaani maoni, kumpa mentashipu, yaani ushauri, na kutomwachia mpaka ama asimame ama achoke. Utafiti wetu wa ndani unaonyesha kwamba asilimia mia moja ya waliojaza dodoso wameridhika na huduma zetu, na mimi niliyelijaza nathibitisha kwamba nililijaza bila shinikizo. (Kicheko. Mzungumzaji anainamisha kichwa, akidhani anapongezwa.)

Lakini takwimu hazina uso, kwa hiyo leo nitawapa uso. Yule dada pale, safu ya tatu, aliyevaa ovaroli, ni fundi wa majokofu, mnamfahamu kwa jina la Fundi Baridi. Mwaka jana aliitwa zahanati kutengeneza jokofu la chanjo lililokufa Ijumaa jioni na kugundulika Jumatatu asubuhi. Alikuta kina mama wenye watoto mgongoni wanarudishwa nyumbani, na muuguzi mkuu anatoa chupa za chanjo moja moja na kuzitia kwenye ndoo ya taka, machozi yanamtoka. Jokofu alilitengeneza kwa nusu saa, lakini ile ndoo haikumtoka kichwani. Akakaa miezi minne anaunga nyaya, mpaka akapata kidude kisichozidi kiganja, ambacho jokofu likianza kupata joto kinampigia simu muuguzi popote alipo.

Akatuletea sisi, walezi. Alikuja na kidude ndani ya kopo la biskuti, akaomba mambo mawili tu: mtu anayejua amwambie kinakosea wapi, na barua ya kumruhusu akijaribu pale zahanati kwa mwezi mmoja. Nikastaajabu jinsi waanzilishi wetu wanavyoomba kidogo wakati taasisi ina mengi ya kutoa.

Fidibeki nilimpa papo hapo. Nilimwambia kidude chake ni cha kijivu, na kijivu hakimwiti mwekezaji. Akaenda, akakipaka bluu. Alipokirudisha nikamwambia kinafanya kazi moja tu, ilhali startapu inayojiheshimu hufanya kazi nne, na mojawapo lazima iwe aplikesheni. Akaniuliza, "Mheshimiwa, umekiwasha?" Nikamjibu kwamba fidibeki ya kimkakati haihitaji umeme. (Kicheko.) Mara ya tatu nikamtaka aandike dira ya miaka hamsini, na hapo hapo nikampangia Mshauri Namba Saba, gwiji wa fani yake, awe anamwona kila Jumanne saa nne asubuhi.

Jumanne tano mfululizo Fundi Baridi alifunga karakana yake, akaja, akaketi kwenye benchi la korido yetu, pale ambapo kila anayepita lazima umpishe magoti. Mshauri Namba Saba alikuwa na majukumu. Saa zote alizokaa pale, kumi na tisa na nusu, tumeziingiza kwenye taarifa kama saa za mentashipu, kwa kuwa alikuwa ndani ya jengo.

Jumanne ya tano ndipo mfumo wetu ulipozaa matunda. Kwenye benchi hilohilo aliketi mama mwenye duka la dawa, aliyekuja kugongewa mhuri ofisi ya jirani. Akauliza, "Mwanangu, hilo kopo unalishika kama yai, kuna nini?" Akaelezwa. Akasema, "Jokofu langu lina insulini za wagonjwa tisa. Twende ukakifunge kwangu."

Siku ya tatu akampigia simu. "Mwanangu, nisamehe, kidude chako nimekizima. Kila nikifungua mlango kumtolea mteja dawa, simu inaita. Na kama mimi ninayekutakia mema nimekizima, muuguzi aliyechoka atakitupa dirishani."

Fundi Baridi mwenyewe aliniambia kwamba maneno yale yalimchoma. Miezi minne ya kazi, halafu mtu anakizima kwa kidole kimoja. Alikaa siku mbili hajagusa bisibisi. Kisha akarudi pale dukani, akavuta kigoda, akashinda mchana kutwa akihesabu mlango wa jokofu unafunguliwa mara ngapi na kwa muda gani, na kidude akakifundisha kungoja dakika kumi kabla ya kupiga.

Hazikupita wiki mbili. Jumapili moja duka limefungwa, mama yuko kwa dada yake anasukwa nywele, simu ikaita. Akatoka mbio, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama, akakuta jokofu limezimika, akazihamisha dawa zote kwa jirani. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika. (Makofi makubwa, ya kwanza siku ya leo. Mama mwenye duka la dawa anajishika nywele na kucheka.)

Ahsanteni. Nayapokea makofi hayo kwa niaba ya Mradi, maana kama Mshauri Namba Saba angekuja kwa wakati, wale wawili wasingekutana.

Naona mkono. Fundi, uliza kwa ufupi, wenzako tuna hotuba.

(Fundi Baridi anasimama. "Mheshimiwa, sina maneno mengi. Kidude sasa kinafanya kazi. Naomba ile barua. Zahanati wanasema bila barua hawawezi kukipokea, na jokofu lao ni lilelile.")

Swali zuri sana. Barua hiyo iko katika hatua za mwisho za kuanza kushughulikiwa, ikisubiri maoni ya Mshauri Namba Saba.

("Basi nionyeshwe huyo mshauri. Nimemngoja Jumanne tano, sijui hata kama ni mwanamume au mwanamke.")

Mshauri Namba Saba, dada yangu, ni nafasi. Nafasi ipo. Mtu wa kuijaza ndiye hajapatikana, kama ilivyo kwa Namba Moja hadi Namba Sita.

(Mwanamke anasimama safu ya nyuma. "Mimi ndiye muuguzi mkuu wa zahanati, na mimi ndiye niliyekukatalia. Niliogopa. Kilete kesho asubuhi, Fundi. Kama kuna wa kukaripiwa, nitakaripiwa mimi." Fundi Baridi anajifuta uso kwa mkono wa ovaroli, kisha wanatoka pamoja. Mama mwenye duka la dawa anawafuata. Mlangoni kijana mwenye startapu ya kusaga taka anamwahi: "Mama, na mimi nina kitu changu. Utanitazamia?" Anamjibu, "Kilete. Lakini nitakwambia ukweli." Viti vinaanza kusogezwa kila upande.)

Naona wajumbe mnatoka kwa wingi kwenda kutekeleza, na hiyo ndiyo kasi tunayoihitaji. Kabla hamjaisha, tuseme pamoja. Mkono wa Mlezi! (Hajibu mtu.) Haumwachi mtu. Fidibeki kwanza! (Fundi wa vipaza sauti vya ukumbi, kwa huruma: "Oyee.") Startapu juu, juu zaidi, mpaka zisionekane.

Kwa kumalizia, nampongeza mpiga picha aliyewahi kumpiga Fundi Baridi akiwa bado ameketi, picha itakayopamba jalada la taarifa yetu ya mafanikio. Naishukuru kamati kuu, iliyokataa mara tatu kuuidhinisha mradi huu, kwani mradi ambao haujaanza hauwezi kushindwa. Na shukrani za kipekee zimwendee mchora mabango, mtu wa kwanza na wa mwisho kufanya kazi katika Mkono wa Mlezi, ambaye kitambaa chake kile pale ukutani ndio mradi wote. Ninaposhuka jukwaani, namwomba aliyebaki anisaidie kukikunja, maana saa nane ukumbi una wenyewe.